Dakika Kumi na Moja

Umeme wa Utuado haukatiki kwa kishindo.
Unakonyeza tu, mara moja,
kama mtu mwenye deni lako
aliyekuona sokoni kwanza
akageukia upande wa vitunguu.
Na kompyuta ya Migdalia, isiyojua utani,
inakufa papo hapo
na nyumba sitini na tatu kifuani.

Sitini na tatu: wote wanywao kisima kimoja kilimani,
maji ya wanakijiji, si ya serikali.
Nani kalipa, nani kaahidi, pampu imekula dola ngapi,
huyaandika yote baada ya chakula cha usiku,
miwani puani, kahawa ikipoa.
Mwezi wa Machi ameuandika mara tatu.
Mara ya tatu alitukana, akamwomba Mungu radhi,
kisha akatukana tena, kwa sauti ya chini.

Mpwa wake Yadiel akamteremsha hadi Arecibo.
Muuzaji akauliza: "Wati ngapi?"
Migdalia akatoa bahasha, mgongoni mwake hesabu ya penseli:
kompyuta mia na themanini, skrini thelathini,
kile kisanduku cha intaneti kumi.
"Na printa?"
"Printa ingoje umeme, kama sisi sote."

Sanduku jeusi, si kubwa, ila zito
kama mtoto anayejifanya amelala.
Wahenga waliosema akiba haiozi
hawakupandisha betri ya risasi ngazi kumi na nne.
Hii inaoza. Kijitabu chake chenyewe kinakiri:
miaka mitatu, minne ukiiepusha na joto.

Wakaiacha inywe usiku kucha.
Asubuhi Yadiel akachomoa waya ukutani, kujaribu.
Pi, pi, pi, sanduku likalalama.
Skrini haikupepesa.
Migdalia akaikazia macho saa ya jikoni,
hakugusa kitu, hata kikombe,
mpaka kukawa kimya.
Dakika kumi na moja.
"Chache," akasema Yadiel.
"Kufunga daftari ni dakika moja. Kumi ni za kuchezea."

Septemba, mvua ya siku mbili.
Saa tatu na robo usiku: pi, pi, pi.
Akahifadhi. Akazima.
Akaketi gizani akijisifu kidogo.

Ndipo akasikia mlio mwingine, wa juu ya mteremko,
mrefu, usio na nukta:
mashine ya hewa ya Wenceslao,
na juu yake sauti ya Nilda, bintiye:
"Ufunguo! Ufunguo wa mtungi uko wapi?"

Akang'oa nyaya bila kuangalia ipi ni ipi.
Akalikumbatia sanduku. Kandambili, matope,
hatua hamsini ambazo mchana huzipanda kwa mapumziko mawili.
Akachomeka. Akabonyeza kitufe, akakishikilia.
Mashine ikavuta pumzi.
Kisha Wenceslao.

Pi-pi-pi-pi, sasa haraka,
maana mashine ile inakula wati mia tatu na ushei,
na Migdalia, mtu wa hesabu, alijua:
dakika nne. Labda nne na nusu.
Akazihesabu kwa sauti, ameushika mkono wa mgonjwa
kana kwamba nao una kitufe.
Ya tatu ikielekea kwisha
Nilda akaupata ufunguo kwenye kopo la sukari,
alikouficha mwenyewe
ili usipotee.

Umeme ulirudi Alhamisi.
Wenceslao akamtuma Nilda na kuku aliyekwisha nyonyolewa
na salamu ndefu kuliko kuku.
Migdalia akashukuru, akabandika sufuria,
akafungua daftari.
Nyumba ya arobaini na moja, Wenceslao:
miezi minne haijalipwa.

Akaitazama namba hiyo.
Chini ya meza taa ya kijani ilikuwa inawaka,
sanduku linakunywa taratibu, halina habari.
Harufu ya kuku ikaanza kuja.

Akafuta minne.
Akaandika mitano.